Duara la Kijani katika Shamba la Masunga

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Lukresia alichota maji kwenye kisima kilicho ng'ambo ya shamba la baba yake, Masunga, nje kidogo ya Bariadi. Njia ilikatiza katikati ya mahindi. Kwa wiki mbili sasa alikuwa akipita haraka bila kutazama kando, kwa sababu mahindi yale yalikuwa yamegeuka rangi.

Majani yalikuwa ya zambarau. Mimea ilikuwa na wiki tano, lakini haijafika magotini. Katikati ya shamba, hata hivyo, palikuwa na duara la upana wa hatua thelathini, na ndani yake mahindi yalikuwa ya kijani kilichokolea, yakifika kiunoni. Mpaka wake ulionekana wazi, kana kwamba mtu aliuchora kwa kamba.

Asubuhi moja ya ukungu, Lukresia alimwona mtu amesimama ndani ya duara. Alikuwa Bibi Specioza, mjane jirani yao. Midomo yake ilicheza bila sauti, na kidole chake kilielekea hapa, kikaelekea pale, kana kwamba anawahesabu watu wasioonekana.

"Mwangaluka, mayu," Lukresia alimwamkia kwa Kisukuma.

Bibi hakuitika. Lukresia alikimbia, nusu ya maji yakamwagika.

Alipofika nyumbani akasimulia. Kufikia mchana, jirani yao Jilala alikuwa ameshaeneza habari kijiji kizima. "Pale ndipo wachawi wanapochezea," alisema. "Na yale macho mekundu ya Bibi, nyie mlidhani ni moshi wa jikoni?" Watu wakakubaliana: Jumamosi Bibi Specioza ahame.

Lukresia alikuwa na siri. Siku ya kupanda, baba yake alikuwa amemwachia mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, aweke kizibo kimoja cha soda katika kila shimo na kuifunika kwa udongo kabla ya mbegu. Siku hiyo ilikuwa ya gulio, naye alitaka kuwahi huko. Lukresia alipanda mbegu tupu, akauficha mfuko chini ya magunia ya pamba, na jioni akasema kazi imekwisha. Lakini kama kosa lilikuwa lake, mbona mahindi ya katikati yamestawi? Hilo hakuweza kulieleza. Akajiambia kwamba uchawi upo, akanyamaza.

Jumamosi, godoro la Bibi Specioza lilikuwa limeshatupwa nje wakati bwana shamba, Elineema, alipofika kwa pikipiki. Masunga ndiye aliyemwita. Umati ulimfuata shambani, na Bibi akasukumwa mbele. Elineema aligeuza jani moja, akatazama mizizi.

"Rangi hii ni dalili ya kukosa fosforasi, kirutubisho cha mmea," alisema. "Mliweka mbolea ya kupandia?"

"Kila shimo," Masunga alijibu. "Binti yangu mwenyewe aliweka."

Elineema aliandika kwenye daftari, kisha akatazama duara kwa muda mrefu. "Kama shamba zima lilipata mbolea sawa," alisema hatimaye, "basi hili sina maelezo yake."

"Mmesikia!" Jilala alidakia. "Hata msomi kashindwa. Bibi, beba godoro lako."

Bibi Specioza aliifunga khanga yake kiunoni, akageuka kuelekea nyumbani.

"Sikuweka!" Lukresia alipaza sauti. "Baba, nisamehe. Sikuweka hata shimo moja. Mfuko uko chini ya magunia ya pamba."

Masunga alimkazia macho. Elineema alifuta kwa mstari alichokuwa ameandika kwenye daftari. "Sasa tunaweza kuanza," alisema, akamgeukia mjane. "Bibi, hapa katikati palikuwa na nini zamani?"

"Boma," alijibu. "Boma la ng'ombe la marehemu mume wangu, kabla hatujamuuzia Masunga shamba. Ng'ombe wote walikufa mwaka wa ukame. Huwa napita kuwataja majina."

Elineema alichimba. Ndani ya duara udongo ulikuwa mweusi, nje ulikuwa wa kijivu. "Samadi ya miaka mingi imeacha fosforasi hapa," alieleza. "Miaka iliyopita mbolea iliwekwa kote, tofauti haikuonekana. Leteni ule mfuko. Tutachimba vifereji kando ya mashina, tuweke na kufukia. Mengine yatapona, mengine yamechelewa."

Masunga alimwagiza Jilala arudishe godoro ndani. Jilala alikwenda kulibeba.

"Binti," Elineema alisema, "mimea ilinionyesha ukweli, nami nikauacha kwa sababu ya jibu la uongo. Kukosea shambani kunapunguza mavuno. Kuficha kosa nusura kumfukuze mtu kwake. Ukiulizwa ulichofanya, sema ulichofanya, hata kama hujui kitaeleza nini."