Video ya Nyumba ya Kibondo

Nikikuambia kwamba video ya dakika tatu ilibakiza kidogo tu kumlaza mtoto mchanga kwenye maji, utasema huyu naye anatunga. Tulia nikusimulie.

Shadia alikuwa na miaka kumi na miwili, akiishi Kasulu na mama yake, Asia, kwenye vyumba viwili vya kupanga. Likizo ile ya mwezi wa sita kazi zote zilikuwa zake. Asubuhi anafagia uwanja, anampikia mama uji wa ulezi, kisha anafua nepi za mdogo wake, Saady, aliyezaliwa wiki mbili zilizopita. Mama alikuwa ndani ya arobaini, hatoki kwenda popote. Baba, Haidari, alikuwa mbali kweli, Tanga, akifanya kazi kwenye ghala la mizigo.

Sasa baba alitaka kurudi, anunue nyumba Kibondo na kufungua duka karibu na ndugu zake. Dalali mmoja, Khatibu, akamwambia ipo ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, na wateja wengine wanaimezea mate. Baba hawezi kuja, mama hawezi kutoka. Ikaamuliwa aende mjomba Hilali, na Shadia amfuate kwa sababu simu anaijua kuliko wote. Baba akamsisitiza arekodi kila kitu, asiruke hata choo.

Walifika saa nne asubuhi. Mjomba akakaa barazani na Khatibu kusoma karatasi za mauziano, mstari kwa mstari. Shadia akaingia na simu. Weee! Chokaa mpya nyeupe, inang'aa mpaka macho yanauma. Na chumba cha nyuma, asikwambie mtu, kina dirisha linalotazama migomba. Palepale moyoni akajipa mwenyewe. Tangu azaliwe hakuwahi kulala peke yake. Kila siku analala na magunia ya maharage ya mama yakimbana ukutani.

Alipotoka uani, bado anarekodi, akamkuta jirani akianika mihogo, bibi mmoja anaitwa Winifrida. Shadia akamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye," na bibi akafurahi, akasogea mpakani.

"Nyumba nzuri, mjukuu wangu," akasema. "Ila mwezi wa nne maji ya bonde lile yaliingia hicho chumba cha nyuma mpaka hapa." Akagusa goti lake. "Mpangaji alihama siku ileile."

Simu ilinasa yote. Lakini kwenye basi la kurudi, mjomba akisinzia, Shadia akakata kipande cha bibi. Kidole kimoja, basi. Akajiambia wazee huongeza chumvi, na mvua zenyewe zimekwisha. Akaituma. Baba akaitazama mara tatu, akasema kijana wake kafanya kazi ya kiume ingawa ni binti, na kwamba Jumatatu, akitoka kula mchana, analipa.

Jumatatu asubuhi Shadia alikuwa anakamua nepi. Mama anampaka Saady mafuta kwenye mkeka, anaongea mwenyewe kwa furaha.

"Hicho chumba cha nyuma kina hewa," akasema. "Saady tutamlaza kule, chini kabisa ya dirisha."

Mikono ya Shadia ikasimama. Akamtazama mtoto pale mkekani, mdogo hivi. Akaona maji yanayofika gotini kwa mtu mzima. Akamwambia mama yote, mpaka lile la kulala peke yake.

Mama akamwinua mtoto, akamlaza mapajani.

"Mpigie baba yako," akasema. "Umekata mwenyewe, utasema mwenyewe. Mimi sikusemei."

Shadia akapiga. Haipokelewi. Kule ghalani simu zao hukaa kwa msimamizi mpaka muda wa kula. Akapiga tena. Akapiga mara kumi na moja. Akatuma ujumbe wa sauti, akauona haujafunguliwa. Chaji ikaanza kuisha, akakimbia saluni ya jirani, akachomeka simu na kusimama hapohapo, akakataa hata kiti. Saa saba kasoro ikaita.

"Shadia, kuna nini? Mtoto mzima?"

"Mzima, Baba. Usilipe. Nilikukatia video."

Akamweleza.

"Hicho kipande unacho?" baba akauliza.

"Nilikifuta."

"Basi rudi ukakitafute."

Alhamisi wakarudi Kibondo. Njia nzima mjomba alijilaumu kwamba alizunguka karatasi, nyumba hakuizunguka. Khatibu alipomwona Shadia akauliza kama siku hizi hapo pamekuwa pa kuigizia filamu. Shadia akalowesha kitambaa, akaenda chumba cha nyuma, akasugua ile chokaa mpya. Ikatoka. Chini yake ukatokea mstari wa tope la kahawia, umenyooka ukuta kwa ukuta. Bibi Winifrida akaitwa, akasimama kando yake. Mstari na goti vikalingana.

"Mbona hukusema?" mjomba akamuuliza Khatibu.

"Hamkuuliza."

Safari hii video ilikwenda nzima, na nyumba ile haikununuliwa. Arobaini ilipokwisha, mama akambeba Saady, akapanda basi kwenda Kibondo mwenyewe. Akapata nyumba juu mlimani, vyumba viwili tu, haina dari. Kabla ya kuweka sahihi alikaa na majirani wa mipaka yote minne, mmoja baada ya mwingine. Shadia hakupata chumba chake. Alilia kidogo, akamaliza, akaanza kubeba vyombo.

Baba alipofika akamwita mbele ya wote.

"Ulinidanganya, na hilo sitalifunika," akasema. "Lakini ulisema mapema, ndiyo maana tumepona. Sikia, mwanangu. Nyumba usiinunue kwa picha. Iendee, izunguke, ukae na majirani. Na ukitumwa kuangalia kitu, rudi na baya lake pia, hata kama linakunyima unachokitaka. Mimi nami nimejifunza. Nilikuwa na haraka ya kulipa."

Haya, msomaji, usinijibu haraka. Chumba cha kwanza maishani mwako kiko mbele yako, simu iko mkononi, na hakuna anayekuona. Wewe ungefanyaje?