Mnofu na Nyama ya Maabara

Kila asubuhi kabla ya shule, Mnofu alimsaidia mama yake kusugua meza ya bucha na kutundika mapaja ya ng'ombe. Jina hilo la utani, alilopewa kwa ajili ya bucha lao, lilimvimbisha kichwa. Kwake, mtu asiye na bucha nyumbani hakujua nyama ni nini.

Siku hiyo darasa lilitakiwa kulinganisha nyama ya ng'ombe na nyama ya maabara, ile inayokuzwa kutokana na seli za mnyama bila kuchinja. Atakayeeleza vizuri angezungumza siku ya wazazi, na Mnofu aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona.

"Nyama ya maabara?" alibetua midomo. "Takataka hiyo! Hata paka wetu hawezi kuila."

"Umewahi kuiona?" aliuliza mwenzake wa dawati.

"Uchafu hauhitaji kuonwa!"

Na huyo msema uchafu alikuwa amebeba steki ya kuonyesha darasani kwenye mkoba, imefungwa katika mfuko wa plastiki tangu alfajiri. Mama alimwambia aiache kwenye friji. Wapi! Eti nyama yao haiharibiki.

Somo lilikuja mchana, joto limepamba moto. Mnofu alipofungua mfuko mbele ya darasa, uvundo ulitangulia. Watoto wakaziba pua.

"Nyani haoni kundule," mwenzake alinong'ona.

Mnofu alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sasa tuambie unachokijua kweli," mwalimu alisema.

Mnofu alifunga mfuko. "Nilidhani nyama yetu ni salama kwa sababu ni yetu. Kumbe ni kwa sababu mama huiweka kwenye baridi na kuosha visu. Ya maabara siijui. Nimeitukana tu."

"Hapo ndipo umeanza kulinganisha," mwalimu alijibu. "Ya maabara haipiti machinjioni, kwa hiyo ni rahisi kuepuka vijidudu vya utumbo wa mnyama. Lakini ikishikwa ovyo, nayo huchafuka. Kiasi cha protini katika nyama zote mbili chaweza kukaribiana. Madini ya chuma na vitamini hutegemea jinsi ilivyokuzwa. Mengine bado yanachunguzwa."

Nafasi ilikwenda kwa mwenzake wa dawati. Mnofu aliambiwa amsaidie kueleza usafi wa bucha, akakubali bila kubetua mdomo.

Jioni alimsimulia mama yote huku akifua mkoba.

"Mwanangu," mama alisema, akimwongezea sabuni, "nyama ya kila aina hupimwa. Dharau haijawahi kupima kitu, ila hunuka upesi kuliko hiyo steki yako."