Kiande Alichokata Runji

"Kaa mbele upige kasia. Kuelekeza niachie mimi," Runji alisema, na Wawira akakaa mbele.

Ndivyo walivyoingia mtoni asubuhi hiyo, huko chini upande wa Siakago, kwenye kayaki ya watu wawili. Nyuma yao, Vincent na Nasro walikuwa wanazunguka jiwe lilelile kwa mara ya tatu.

"Vincent, hili jiwe si tumeshalisalimia?" Nasro aliuliza.

"Tulia. Nakuonyesha mandhari."

Wawira alicheka mpaka kasia likamponyoka. Kwani angenuna kwa nini? Jumamosi ijayo ilikuwa siku yake na Runji. Nasro, rafiki yake anayeuza nguo Maua, ndiye aliyepanga hii safari, akasema lazima wamuage kabla hajawa mke wa mtu. Wawira alikuwa na miaka thelathini na sita. Alikuwa amepika kwenye sherehe za wenzake hadi akazijua sufuria za Manyatta nzima, ile inayovuja na ile isiyo na mfuniko. Sasa hatimaye wengine wangempikia yeye.

Saa saba walikuwa ukingoni, wamelowa, njaa imewabana. Vincent, binamu yake Wawira, alikuwa amebanika mbuzi juu ya makaa. Mkono wa mbele aliuacha mzima, pembeni, juu ya majani ya migomba. Hicho ndicho kiande. Kwao Embu, hata mkae pamoja miaka ishirini, hamjaoana mpaka bwana akate kiande mbele ya wazee na kumlisha bibi. Mwanaume ambaye hajapita hapo hali kiande cha mtu. Akinyoosha mkono anafukuzwa kama paka, hata awe na mvi.

"Hicho usiguse, mwanafunzi," Vincent alimwambia Runji. "Mtihani wako ni Jumamosi."

Runji alikuwa anamweleza Nasro jinsi ya kugeuza kayaki. Akaokota kisu huku akiongea, akaweka kiande kwenye ubao, akapitisha kisu mara moja. Kiungo kikaachia bila kelele. Akatupia kipande mdomoni, akaendelea kuongea habari za kasia.

Vincent aliacha kugeuza nyama.

"Hebu ngoja. Mimi siku yangu nilitafuta hicho kiungo mpaka baba mkwe akaanza kuniombea. Wewe umekipata ukiangalia mto?"

"Mkono mzuri tu."

"Na umekula."

"Si mimi nilishapita hapo," Runji alijibu, mdomo umejaa.

Kisha taya lake likasimama.

Wawira alikuwa ameshika bakuli la kachumbari. Aliliweka chini taratibu.

"Ulipita wapi?"

"Natania, Wawi."

"Basi cheka."

Runji alijaribu. Ilitoka kama kikohozi.

Wawira akatoa simu kwenye mfuko usioingia maji, akampigia mama yake Runji, akaweka sauti kubwa. Runji alinyoosha mkono, Nasro akasimama katikati yao.

"Mama, ni Wawira. Habari za huko?"

"Nzuri, mwanangu. Mmefurahia mto?"

"Tumefurahia. Mama, nina swali moja tu. Runji alishawahi kukata kiande?"

Kwenye simu wakasikia kuku wa nyumbani kwa akina Runji akilia.

"Nilimwambia akwambie," mama Runji alisema. "Tangu mwaka jana nilimwambia. Alisema atakwambia akipata nafasi."

"Ni nani, Mama?"

"Kaari. Wa Runyenjes. Yuko naye huko Meru."

"Waliachana?"

"Pasaka walikuwa hapa na watoto. Nisamehe, mwanangu. Mimi ni mama yake."

"Asante, Mama," Wawira alisema, kwa sababu alilelewa hivyo.

Mafuta yalidondokea makaa. Hakuna aliyegeuza nyama.

"Nilitaka kukwambia," Runji alianza. "Kaari ni mambo ya nyumbani tu. Wewe ndiye niliyekuchagua na akili zangu."

"Kwa hivyo viazi unauza sokoni Gakoromone, hapo Meru, wiki nzima, jioni unaenda kwake. Ijumaa unakuja kwangu."

"Nakupenda, Wawi. Hiyo si uongo."

"Najua," alisema Wawira, na hapo ndipo sauti ilipomvunjika. "Ungekuwa hunipendi ningepumzika. Miaka miwili umeniweka mbele, napiga kasia mpaka mikono inauma, nadhani tunaenda mahali. Kumbe nyuma yangu mtu anaelekeza kwingine."

"Hata mila inaruhusu wa pili."

"Wa pili huambiwa yeye ni wa pili."

Alitembea mpaka kwenye mawe, akampigia mama yake.

"Mama, usiloweke unga wa uji wa Jumamosi."

"Nimeshaloweka. Kuna nini?"

Akamwambia. Alitegemea mama alie, au atukane ukoo wote wa akina Runji. Mama alivuta pumzi.

"Wazee wameshaalikwa, Wawira. Baba yako amejenga boma upya. Wa pili pia anaheshimiwa akinyamaza. Na wewe si msichana wa juzi."

"Kwa hivyo nije nile hicho kiande?"

"Nakwambia ufikirie. Nani mwingine atakuja?"

Wawira alikata simu. Hilo la Runji lilikuwa limempiga kifuani, lakini hili lilimkuta mahali ambapo hakuwa ameweka mkono wa kujikinga. Na baya zaidi, mama alisema kweli. Hakuna aliyekuwa njiani. Alitazama barabara ya miaka iliyobaki, akaona sufuria za Manyatta zikimngoja, ile inayovuja na ile isiyo na mfuniko.

Nasro alikuja akakaa naye, bega kwa bega.

"Sema nifanye nini, dada."

"Kaa tu."

Huko motoni Vincent alikuwa amefunika kiande kwa majani, kama mtu anayefunika maiti. Runji alikuwa amekaa kwenye kayaki iliyovutwa mchangani, kiti cha nyuma, akisubiri.

Wawira akafungua kundi la WhatsApp la sherehe. Watu tisini na mmoja. Shangazi Felicitas alikuwa ametoka kutuma maua na maombi ya kupewa hali nzuri ya hewa. Wawira aliandika, akafuta, akaandika tena:

"Jumamosi msije. Runji alishakata kiande kwa mke wake. Asanteni kwa yote mliyonifanyia."

Akatuma. Akagusa ujumbe, akaona majina ya waliosoma yakiongezeka, moja baada ya jingine. Kisha simu ikatetemeka. Ni Shangazi Felicitas, ambaye huwa hasomi hadi mwisho.

"Amina, mwanangu. Mungu ni mwema."

Wawira aliitazama hiyo Amina mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe, akabaki anaona uso wake.