Kengele Kwenye Mguu wa Kushoto

Inspekta Doreen Kessell hakuwa na shahidi. Hakuwa na kufuli lililovunjwa, wala alama ya kidole ya mtu mgeni. Subira pia hakuwa nayo siku ile. Na aliyeibiwa hakuwa na sauti, maana sauti ndiyo iliyoibwa.

Rowan Pascoe, mwanamume wa miaka arobaini na moja, aliweza kusogeza macho na kidole gumba cha mkono wa kulia tu. Alikuwa akitazama herufi kwenye mashine ndogo, nayo ikimsemea. Jumatatu mchana, msaidizi wake Tevita alipokwenda kuchukua dawa, mtu aliingia nyumbani kwake Mayfield akaichukua. Runinga hakuigusa.

"Ulimwona?" aliuliza Kessell.

Rowan aliinua macho. Ndiyo.

"Unamjua?"

Rowan akayafumba, akakataa kuyafumbua.

"Anamficha mtu huyo," alisema Tevita.

"Nani anafaidika Rowan akiwa bubu?"

"Hakuna. Ila Bridie hatakuja Alhamisi."

Bridie Lomax, mhudumu wa ngono, alifika kituoni mwenyewe, mwavuli mkononi na hasira usoni.

"Namhudumia mwaka wa tatu sasa. Sharti langu ni moja: kila ziara aniambie mwenyewe anachotaka na asichotaka. Sipokei maneno ya mama, kaka wala msaidizi."

"Macho hayatoshi?"

"Macho yanajibu swali langu mimi. Nataka na yeye aweze kuniambia nitoke."

"Nani anajua sharti hilo?"

"Tevita. Na kaka yake Rowan, Grant. Mwezi uliopita alinitukana mlangoni."

Kessell alirudi Mayfield.

"Tevita, ulimkuta Rowan katika hali gani?"

"Amelowa mkojo, analia. Foleni ya dawa ilikuwa ndefu. Saa mbili nzima hakuweza kuniita."

"Kengele yake ya kukuita ilikuwa wapi?"

"Chini ya mguu wa kushoto. Nikadhani imeteleza."

Kessell aliacha kuandika. "Huwa inakaa wapi?"

"Kwenye kidole gumba cha mkono, bosi. Mguu ule haujasogea tangu upasuaji, miaka kumi na miwili."

"Haikuteleza. Mwizi aliiweka pale ili Rowan apate msaada. Alimjua zamani, mguu ule ulipokuwa ukisogea. Sasa hamjui."

Grant Pascoe alihojiwa jioni ile.

"Utotoni mlilala chumba kimoja?"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Kengele yake ilikaa wapi?"

"Mguuni, wa kushoto. Mimi ndiye niliyekuwa naiweka kila..."

"Alilala kwenye mkojo kwa saa mbili, Grant. Mguu ule umekufa."

Grant alishika kichwa. "Sikujua. Mashine iko gereji kwangu, nyuma ya rangi."

"Kwa nini?"

"Umewahi kumsikia akicheka? Nilikuja Alhamisi moja, nimemletea pai. Nikiwa barazani nikasikia kicheko chake. Inspekta, mimi nina miguu miwili. Nina gari. Tangu mke wangu Pauline aniache, mwaka wa nne sasa, hakuna aliyenigusa hata bega, ila kinyozi. Na yule amewekewa tarehe kwenye kalenda!"

"Ungepiga simu kama yeye."

"Mimi? Nikaombe?"

"Yeye hakuona aibu."

"Hapo ndipo panaponichoma."

Mashine ilirudi Jumatano. Korti ilimkataza Grant kukaribia nyumba ile au kupiga simu. Rowan hakukatazwa kuandika. Alhamisi asubuhi aliandika kwa macho, herufi moja moja, naye Tevita akachapisha:

"Grant. Mashtaka sifuti. Ulininyang'anya mdomo. Kuhusu mguu, ungejua, kama ungekuja kunitazama mimi badala ya kutazama nilicho nacho. Namba ya Bridie iko hapa chini. Nimemwuliza, anasema anapokea hata wenye miguu. Sharti ni lile lile: useme mwenyewe."

Mlango uligongwa. Bridie aliingia akikung'uta mwavuli.

"Tevita," mashine ilisema, "peleka barua posta. Na usirudi kabla ya saa kumi."

"Posta iko hapo kona, kaka!"

"Basi tembea polepole."

Tevita alicheka, akaramba bahasha, akaifunga, akabandika stempu. Kwenye kona aliitumbukiza sandukuni, kisha akaenda kutafuta chai.