Mbuzi Walioramba Ukuta

Kila siku Chenga akitoka shule, hata kabla hajavua soksi, harufu ilikwisha kumpokea. Si harufu ya chakula. Ilikuwa harufu ya ngozi mbichi za mbuzi, nayo haikuwa na adabu hata kidogo: ilimlaki mlangoni, ikamsindikiza hadi chumbani, na siku nyingine ikaenda naye shule asubuhi.

Darasani alikuwa na jina jingine. Nyumbani aliitwa Chenga, kwa jinsi alivyojua kuzikwepa kazi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na aliishi na shangazi yake, fundi wa ngoma na viti vya ngozi, mwanamke mfupi mwenye mikono migumu na mdomo usiojua likizo.

"Kwangua mafuta yote. Na shingoni. Shingoni, Chenga! Hapo ni begani."

"Nimekwangua, Shangazi."

"Umeikuna tu, kama vile inawashwa. Rudia."

Jamani, kurudia huko! Ukimaliza kukwangua nyama na mafuta kwa kisu butu, unaosha damu. Ngozi ikichujika maji, unaipaka chumvi ya mawe upande wa nyama, hadi kwenye kingo, hadi mkiani. Unailaza juu ya ubao ulioinama ili maji yatiririke. Kesho yake unakung'uta chumvi iliyolowa, unapaka nyingine. Mwishowe unaiwamba kwenye fremu kivulini, na hapo inakaa mpaka ikauke pole pole. Mwezi mmoja nyuma, Shangazi alimrudisha Chenga mara tatu kwenye ngozi moja ndogo iliyokuwa na tundu la kisu. Chenga aliimaliza huku akilia kwa hasira. Siku nzima imepotea kwa ajili ya mbuzi ambaye hata hakumjua!

Sasa ngoma ya shule ilikuwa imepasuka, na zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya mashindano ya muziki. Mpigaji ngoma alikuwa Chenga mwenyewe. Shangazi alikubali kutengeneza nyingine bure. Mzinga wa mti wa kuwambia ngozi ungekuwa tayari kwa seremala Alhamisi, na mwenye bucha alimchagulia ngozi nzuri ya beberu, pana, isiyo na mkwaruzo.

Jumamosi asubuhi Shangazi alifunga viti vinne ili avipeleke kwa mteja wa mbali. "Ngozi hiyo ni yako," alisema. "Kopo la chumvi hilo hapo, lote litumike. Nitarudi kesho jioni. Na shingoni, Chenga."

"Shingoni, nimesikia!"

Alikwangua katikati, panapoonekana. Alipofika shingoni, akasikia wenzake wakiimba mazoezi nyumba ya pili, bila ngoma, bila yeye. Jua lilikuwa kali. Chenga akalitazama paa la banda. Bati lilikuwa la moto kiasi cha kukaanga yai. Kwa nini mtu ateseke na chumvi siku mbili, na jua lipo la bure? Akaitandaza ngozi juu ya bati, akaenda zake kuimba.

Jioni ngozi ilikuwa ngumu kama mlango. Aliigonga, ikalia ko, ko. Chenga akacheka peke yake. Lakini kopo la chumvi lilikuwa limejaa bado, na Shangazi si mtu wa kudanganywa na kopo lililojaa. Akaimwaga chumvi yote nyuma ya banda, kando ya ukuta, akaifukia kwa mguu. Ngozi akaipandisha darini.

Jumatatu wakaja mbuzi wawili wa jirani, wakaanza kuramba chini ya ukuta. Jumanne wakaja wanne. Shangazi akawafukuza kwa ufagio mpaka akaishiwa na pumzi.

"Ukuta wangu una nini? Mama nanihii, njoo uwachukue wanao! Wamekosa majani mpaka wanakula nyumba yangu?"

Chenga alikuwa na kazi nyingi za shule siku hizo. Hakuinua kichwa kutoka kwenye daftari.

Alhamisi mzinga ukaja. Shangazi akailoweka ngozi usiku kucha ili ilainike. Ijumaa alfajiri alipoitoa kwenye beseni, manyoya yakabaki mkononi, mafungu mafungu. Nje ilikuwa ngozi, ndani ilikuwa imeoza. Akaivuta kidogo shingoni, ikachanika kama mkate uliolowa. Harufu iliyotoka hapo hata Chenga, mzoefu, aliziba pua.

"Chumvi ulipaka?"

"Nilipaka." Sauti ilimtoka nyembamba. "Labda... labda mwenye bucha alituuzia ngozi ya zamani."

Shangazi akavaa kandambili, akajifunga khanga kiunoni kwa fundo la vita. "Miaka kumi na tano nanunua kwake, leo anifanyie hivi? Atanijua!"

Chenga alimwona akikata kona ya banda. Alimjua mwenye bucha: mzee mpole, ndiye aliyechelewa kufungua duka siku ile kwa kuchagua ngozi ya ngoma yao. Akamkimbilia.

"Shangazi, rudi! Si yeye! Ni mimi!"

Akayasema yote: shingo, bati, kopo. Nyuma ya banda mbuzi sita walikuwa wameinama kwa pamoja kama wanafunzi kwenye mtihani. Shangazi akawatazama, akamtazama Chenga.

"Kumbe! Wiki nzima nawapiga mashahidi wangu kwa ufagio!"

Alitaka kukasirika, na akakasirika kweli, mpaka jirani akazima redio asikilize. Alipomaliza akapanda darini, akashuka na ngozi ndogo yenye tundu la kisu, ile ya machozi. Aliilowesha, akaivuta huku na huku. Haukung'oka hata unyoya mmoja.

"Hii nilimwahidi mtu wa kiti, sasa itakuwa ya ngoma. Tundu litaangukia nje ya ukingo, tutalikata. Mtu wa kiti atasubiri, na wewe ndiwe utakayemweleza kwa nini. Kisha utaniandalia ngozi sita, zote na shingo zake."

Mashindano yalipofika, ngoma ililia vizuri, kali kidogo, na shule ikashika nafasi ya pili. Jioni Shangazi alimkuta Chenga ameinamia ngozi ya nne.

"Sikia, mwanangu. Uvivu ulikuharibia ngozi moja. Uongo ungeniharibia mtu. Ungeniambia Jumapili, ningeikwangua, ningeitia chumvi, huenda tungeiokoa. Kosa ukiliweka darini linaozea huko. Niletee likiwa bichi."

"Ndiyo, Shangazi."

"Vizuri. Hapo ni wapi?"

"Shingoni."

Shangazi akainama, akakagua kwa kidole, akatafuta cha kulalamikia, akakosa. Akaondoka akiguna. Mbuzi mmoja akachungulia kutoka kona ya banda, akamtazama Chenga.

"Nenda zako, mmbea wee," Chenga akamwambia. "Nimekwisha kusema mwenyewe."