Sauti ya Mkamwana

Jumanne, tarehe 14 Aprili, mwaka 2076, katika jiji la Tukuyu, kisikivu kilikuwa kikimsikiliza mwanamke mmoja aliyekuwa akijifunza kuandika jina lake.

Kisikivu kilikuwa chombo cha ajabu kwa aliyekiona mara ya kwanza. Kilifanana na chungu kilichopinduliwa, kikaning'inizwa juu ya kiti ndani ya chumba kidogo kisichopitisha sauti. Mwanafunzi alipotamka neno, kisikivu kilipima pumzi yake, mahali ulimi ulipogusa kaakaa, hata mapigo ya moyo yaliyojificha chini ya sauti. Kisha kiliziandika silabi hewani kwa mwanga wa rangi ya machungwa, mbele ya macho ya yule aliyezitamka, naye akaiona sauti yake mwenyewe ikigeuka maandishi. Kwa njia hiyo Chuo cha Amkeni kiliwafundisha watu wazima kusoma. Hao walikuwa watu waliokulia kati ya mashine zinazosema na kuonyesha picha, mashine ambazo hazikuwahi kumdai mtu herufi hata moja, nao wakazeeka bila kuzijua.

Mwanamke huyo aliitwa Tusekile. Alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee, Lugano, alikuwa fundi wa vioo vya angani, vile vinavyoelea juu ya dunia vikikusanya jua na kuliteremsha kama umeme. Lugano alimpigia mama yake simu pale zamu ilipomruhusu, nayo zamu haikumruhusu mara nyingi.

Jina lake la kwanza Tusekile alikuwa amekwisha kuliandika. Lililobaki lilikuwa jina la ukoo wa marehemu mumewe, na hilo ndilo jina la baba mkwe wake. Hapo alisita. Kwa mila ya zamani ya Wanyakyusa, iliyobaki kwa wachache, mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina, wala hatumii neno linalofanana na jina hilo, wala hakutani naye uso kwa uso. Tangu alipoolewa, Tusekile alikuwa akiyazunguka baadhi ya maneno kama mtu azungukaye tope njiani. Kisikivu hakikufundishwa mila hiyo. Kilikuwa kimehifadhi katika kumbukumbu zake kwamba mwanafunzi huyu ana kasoro ya ulimi.

“Humu hakuna anayekusikia isipokuwa mimi,” kilisema kwa upole. “Utakalolisema litabaki chuoni.”

Tusekile alivua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akakifunga tena. Kisha akalitamka. Jina lilitoka kwa pumzi nzito, likisukumwa na moyo uliokuwa ukienda mbio, na herufi zake zikawaka hewani. Alizinakili moja moja, akatoka nje kwenye mvua bila kuwaaga mwalimu wala wanafunzi wenzake.

Nyumbani kwake kulikuwa na nyumba mbili zilizotenganishwa na migomba. Katika moja aliishi yeye, na katika nyingine aliishi baba mkwe wake, mzee ambaye hakupaswa kumtaja kwa jina. Zamani watoto wa ukoo walipita kati ya nyumba hizo mbili wakipeleka chakula na salamu, kwa hiyo mila haikumwacha mtu yeyote peke yake. Lakini watoto walikwisha kuondoka, wengine wakaenda mabondeni kwenye viwanda, wengine wakaenda angani kama Lugano. Kazi yao ilichukuliwa na mchukuzi, mashine fupi ya magurudumu yenye sinia kichwani. Mchukuzi alifikisha ndizi na maharage vikiwa bado vya moto, akarudisha sahani, ila salamu hakuzijua. Tusekile alitambua kwamba mzee yu hai kwa kukisikia kikohozi chake asubuhi.

Mwezi wa saba sahani zilianza kurudi na chakula chake. Siku za kwanza Tusekile alidhani ameunguza maharage. Akabadilisha mboga, akapika magimbi, akatuma maziwa ya mgando. Sahani zilirudi vilevile. Alijichunguza akitafuta kosa alilomtendea mzee, na kosa alilolipata lilikuwa moja tu, lile la chumbani, chini ya kile chungu. Lakini hakuona jinsi habari hiyo ingeweza kutoka mle na kumfikia. Nyuma ya migomba kikohozi kilizidi kuwa chembamba.

Ilikuwa katika majuma hayo ambapo chuo kiliwaita wanafunzi wote ukumbini. Mkuu wa chuo, Daktari Kapufi, aliwaeleza kwa maneno mengi ya heshima kwamba wezi wa mitandao waliingia katika ghala la kumbukumbu na kuondoka na sauti zao zote. Ghala hilo, ilibidi akiri alipoulizwa, halikuwa na kufuli. Fedha za kufuli zilitumika kununulia visikivu zaidi ili watu wengi zaidi wasome. Kisha akawaomba wasiogope. Sauti hazikuharibika, alisema, kila mtu bado anayo yake.

“Na mimi nikiitembeza picha ya mkeo sokoni, Daktari,” aliuliza Ambakisye, dereva mstaafu aliyekaa safu ya nyuma, “si mke bado utakuwa naye?”

Ukumbi ulicheka, kisha ukanyamaza ghafla, kwa kuwa kila mmoja alikumbuka aliyoyasema chini ya kisikivu.

Mbele yao alisimama wakili, binti mmoja aitwaye Sekela, aliyejitolea kuwatetea. Aliwafafanulia kwamba sauti zao ziliuzwa kwa kampuni ya kuuzia wazee unga wa kurefusha umri. Kampuni hiyo iliunda sauti-bandia, yaani sauti isiyo na mtu, inayoweza kuzungumza na kujibu kwa koo la yeyote aliyeibiwa. Kampuni ilidai kwamba ilinunua kihalali. Wanafunzi wakikishtaki chuo, na mahakama ikitamka kwamba sauti ni mali ya mwenye koo na haikuwa ya chuo kuipoteza, nakala zote, hata za kampuni, zitafutwa. Lakini visikivu vitafungiwa kuwa ushahidi, na madarasa yatasimama kwa muda usiojulikana. Kila mshtaki atatakiwa kueleza alichoibiwa, na mtu aliyedanganywa kwa sauti ya mshtaki atatakiwa kuthibitisha.

Ubishi ukawa mkali. Mama mmoja alisema chuo kiliwapokea walipokuwa wakichekwa na wajukuu wao, na kukishtaki ni kumpeleka mahakamani mtu aliyekufungulia mlango. Ambakisye akamjibu kwamba huyo aliyefungua mlango ndiye aliyeuacha wazi. Wengine waliogopa kwamba wakishinda watarudi kuwa mabubu wa herufi. Tusekile aliona pande zote mbili zinasema kweli, na jambo hilo lilimchosha.

Baadaye wakili alimwita kando. Polisi walikuwa wamekamata sehemu ya mazungumzo ya sauti-bandia, naye alitaka Tusekile aithibitishe yake. Akabonyeza kitufe.

Tusekile akajisikia akisema, kwa furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo, habari za jioni, akamwita baba mkwe wake kwa jina, akamuuliza kama amekula.

“Zima,” alisema.

Sekela alizima, akamweleza polepole. Mashine ya wezi ilitafuta katika kila sauti neno lililotamkwa kwa moyo wa kasi kuliko mengine yote, ikihesabu kwamba neno hilo ni jina la mtu apendwaye kupita wote. Kwa Tusekile ilipata moja tu. Ikatafuta simu ya mwenye jina hilo na kumpigia, ikaendelea kumpigia kila jioni. Ilimshauri mzee aache ndizi na maharage, ale unga, nao unga ukaletwa kwa ndege zisizo na rubani na bei yake kukatwa katika pensheni ya mzee. Tusekile aliona mbele yake sahani zote zilizorudi.

“Anazungumza nayo sana,” Sekela aliongeza, akitazama pembeni. “Yeye ndiye anayesema zaidi. Unaweza kuyasikiliza yote, mama. Kwa sheria ni haki yako.”

“Yeye alikuwa akizungumza na nani?”

“Na wewe. Alidhani ni wewe.”

“Hakuzungumza na mimi,” Tusekile alisema, akakataa kuyasikiliza.

Lugano alipopata nafasi ya kupiga simu, mama yake alimweleza yote. Lugano akamshauri amzuilie babu huo unga kwa njia yoyote, lakini asimwambie habari ya sauti. Mzee amepata mtu wa kuongea naye jioni, alisema, nani huko duniani au huku angani anampigia simu? Tusekile alitaka kumuuliza kwa nini basi yeye mwenyewe hampigii, lakini muda wa simu ukaisha.

Alifikiri kwa siku nyingi. Angeweza kunyamaza, mzee akaendelea kuwa na furaha huku akinyauka. Angeweza kumtuma mchukuzi na ujumbe, lakini mzee angeupokea vipi ujumbe wa mashine unaokana maneno ya mashine? Kila njia ilimrudisha mahali pamoja: ilimpasa aende yeye, kwa koo lake.

Alikwenda alasiri, ukungu ukishuka kutoka mlima Rungwe. Alisimama nyuma ya ukuta wa nyumba ya mzee, mgongo wake ukielekea dirishani, akafunika kichwa kwa kanga.

“Tata,” alisema, akimwita baba kwa Kinyakyusa. “Ni mimi, mkamwana wako. Sijawahi kukupigia simu.”

Ndani, kiti kililia.

“Jana tulizungumza,” mzee alisema. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao yeye kumjibu.

Tusekile alimweleza habari ya chuo, ya chungu kinachosikiliza, ya wezi, na ya unga. Alikiri kwamba alilitaja jina lake, mara moja, ili apate kuliandika. Alipomaliza, mvua ilikuwa imeanza kuyapiga majani ya migomba.

“Hata ile habari ya mwanangu?” mzee aliuliza. “Siku yake ya mwisho, alivyoniambia juu yako. Aliyeisikia hakuwa wewe?”

“Hakuwa mimi, Tata.”

“Na pale nilipokuomba radhi?”

Tusekile alishika ukuta. “Hakuwa mimi.”

Mzee alikohoa.

“Kwa hiyo hayajakufikia.”

“Hayajanifikia. Wakili anayo. Sikuyasikiliza, kwa kuwa hukunipa mimi.”

“Ilinichukua maisha yangu yote kuyasema,” mzee alisema. “Sina nguvu ya kuyasema tena.” Kisha, sauti yake ikitoka mbali zaidi, kama mtu aliyekwisha kuondoka dirishani, akasema, “Nenda kashtaki. Nitathibitisha.”

Kesi ilisikilizwa Mbeya. Wakili wa chuo hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kwa adabu, akaeleza kwamba mama huyu sauti bado anayo, na jina analolalamikia limechapwa kwenye kitambulisho chake kwa mtu yeyote kulisoma. Je, amepoteza nini hasa?

“Baba mkwe wangu alikuwa na maneno yangu,” Tusekile alijibu. “Aliyatunza mpaka akapata ujasiri. Siku alipoyatoa, yakapokewa na mwizi. Mimi sijayasikia, na yeye hawezi kuyarudia. Hicho ndicho kilichoibwa.”

Wakili wa chuo aliketi. Daktari Kapufi aliinamisha kichwa.

Mahakama iliamua kwamba sauti ni mali ya mwenye koo, ikaamuru nakala zote zifutwe. Jaji alimuuliza Tusekile kama angependa mazungumzo ya mzee yahifadhiwe kwa ajili yake. Tusekile aliomba muda, akarudi nyumbani kumuuliza mwenye maneno. Mzee alijibu kupitia dirishani kwamba aliyasema kwa mtu ambaye hayupo, nayo yaende alikokwenda mtu huyo. Yakafutwa.

Chuo cha Amkeni bado kimefungwa. Wanafunzi wake wanafundishana barazani kwa vijiti na mchanga, polepole, na baadhi yao wamekata tamaa. Unga hauji tena, na mzee anakula. Jioni Tusekile husimama nyuma ya ukuta na kusema, “Umeshindaje, Tata?” Naye mzee hujibu, “Salama, mkamwana.” Kisha Tusekile hungoja kidogo, labda ataongeza neno. Mvua hunyesha, mzee hukohoa, na mkamwana hurudi jikoni kwake.

Nawe uliyeisoma habari hii, usiifungie kwako. Mtafute mtu mmoja ambaye ulikuwa na neno la kumwambia, umsomee kwa kinywa chako, akiwa mbele yako, kisha umwombe naye amsomee mwingine.