Faili Lililogoma Kufunguka

Katika kituo chetu cha afya, hakuna aliyezijua kompyuta kunishinda mimi. Nadhani hata zenyewe zilikuwa zikiniamkia.

Kila likizo nilimsaidia shangazi, muuguzi mkuu, kuingiza kumbukumbu za wagonjwa na kuzituma hospitali kuu. Programu ilikuwa kuukuu. Ilibadilishwa mara moja tu kwa mwaka, siku ileile moja, hospitalini na vituoni kote. Alhamisi, shangazi akiwa wodini, skrini ikaandika: "Toleo jipya liko tayari. Liwekwe?" Nani angesubiri mwaka? Nikabonyeza "Ndiyo". Mafaili yote yakageuzwa kuwa ya mtindo mpya. Yalipendeza kweli!

Kesho yake, mama wa usafi akipiga deki pembeni yangu, simu ililia. Shangazi akaipokea kwa spika. Aliyepiga alikuwa daktari wa hospitali kuu. Mbele yake alilala mtoto wa miaka minne tuliyempeleka huko asubuhi, akihema kwa shida.

"Sista, faili lenu halifunguki. Naona vijisanduku tu. Kuna dawa inayomdhuru huyu mtoto?"

Shangazi akanigeukia. "Wewe fundi, nani kagusa kompyuta?"

"Labda virusi, shangazi."

Uso ukambadilika. Jina la dawa inayomdhuru mtoto lilikuwa wazi kwenye skrini mbele yake. "Kama ni virusi, siwezi kuamini hata hiki ninachokisoma. Daktari, usimchome sindano kwanza."

Kwenye simu nikamsikia mama wa mtoto akilia. Basi ukweli ukanitoka.

"Si virusi. Ni mimi. Niliweka toleo jipya jana. Maandishi ni yaleyale, ila kompyuta yao haiwezi kuyasoma."

Shangazi akamsomea daktari jina la dawa, mara mbili, taratibu. Mimi nikayahifadhi mafaili yote upya kwa mtindo wa zamani, nikayatuma. Yakafunguka. Jioni tukaambiwa mtoto amepata nafuu, amelala.

"Mwanangu," shangazi alisema, "kipya si kibaya. Lakini faili halisomwi na aliyeliandika peke yake. Kabla ya kubadilisha, uliza mwenzako atalifunguaje. Na ukikosea, sema upesi. Uongo wako ulimchelewesha mtoto kupata dawa. Angalau ukweli umeusema mwenyewe, bila kusukumwa."

Nikainamisha kichwa, mnyenyekevu kama mtu anayesubiri zawadi.

"Bila kusukumwa?" mama wa usafi akadakia, akikamua tambara. "Jana nilimwona akibonyeza. Na leo nimemkanyaga mguu mara mbili ndipo akafungua mdomo!"